Simu Mkononi, Hataza Ughaibuni



Katika mtaa wa Kamenge, kaskazini mwa jiji la Bujumbura, mahali zilipo Hospitali ya Jeshi na hospitali ya chuo kikuu, askari anayetoka zamu hununua simu ya mkononi kama mwananchi mwingine yeyote. Huulizia bei, hujaribu sauti, hulipa, akaenda zake. Kwa fikira zake biashara imekwisha baina yake na muuzaji. Kumbe katika bei ile mna fungu ambalo halibaki Kamenge, wala halibaki katika kiwanda kilichoitengeneza simu. Fungu hilo ni la wenye hataza.

Hataza ni haki ambayo serikali humpa mvumbuzi ili mtu mwingine asiutumie uvumbuzi wake bila ruhusa, kwa kawaida kwa muda wa miaka 20. Ruhusa hiyo ndiyo leseni, na ujira wake ndio mrabaha. Simu moja ya leo hubeba maelfu ya hataza. Mwaka 2021 kampuni ya Huawei ya China ilitangaza kwamba haitadai zaidi ya dola 2.50 kwa kila simu ya kizazi cha tano. Kabla ya hapo Nokia ya Finland ilikwisha kutaja euro 3, na Ericsson ya Sweden dola 5 kwa simu ya bei ya juu. Ada moja ni ndogo, lakini wadai ni wengi, na simu zinazouzwa duniani kila mwaka huzidi bilioni moja.

Mashindano haya si mapya. Mwanzoni mwa karne iliyopita, kampuni ya Marconi iliyokuwa na makao yake Uingereza ilizishika hataza za simu ya upepo, na vituo vyake vikakataa kupokea habari kutoka katika mitambo ya wengine. Wajerumani hawakukubali kuomba ruhusa ya kusema baharini. Mwaka 1903 waliunganisha nguvu za viwanda vyao wakaunda kampuni ya Telefunken, na mkutano wa mataifa uliofanyika Berlin mwaka 1906 ukaamua kwamba vituo vya pwani na meli vipokeane habari bila kujali mtambo ni wa nani.

Vita vya mwaka 1914 vilipozuka, Burundi ilikuwa sehemu ya koloni la Kijerumani la Afrika ya Mashariki. Tarehe 8 Agosti mwaka huo manowari ya Kiingereza iitwayo Astraea iliipiga mizinga Dar es Salaam, na shabaha yake ilikuwa kituo cha simu ya upepo. Vita vilipokwisha, maofisa wa jeshi la wanamaji la Marekani waliona hatari ya kuacha hataza hizo mikononi mwa Waingereza. Kwa msukumo wao, mwaka 1919 ikaundwa kampuni ya Kimarekani ya RCA, ikainunua Marconi ya Marekani pamoja na hataza zake. Wanajeshi hao walitambua kwamba karatasi ya hataza inaweza kuwa ngome sawa na ngome ya mawe.

Leo wanaoshindana ni Marekani na China. Mwezi Aprili 2018 Marekani ilizikataza kampuni zake kuiuzia ZTE ya China vipuri na programu, na kwa muda mfupi tu shughuli kubwa za kampuni hiyo zikasimama. Haikufunguliwa mpaka ilipolipa faini ya dola bilioni 1. Mwezi Mei 2019 Huawei nayo ikawekewa vikwazo. Nayo Huawei ikajibu kwa silaha ya hataza: iliitaka kampuni ya simu ya Verizon ya Marekani ilipe zaidi ya dola bilioni 1 kwa kutumia hataza zake zaidi ya 230. Seneta Marco Rubio akapendekeza sheria ya kuzinyima kampuni za namna hiyo haki ya kudai hataza mahakamani. Pendekezo hilo halikuwa sheria. Huawei ilifungua mashtaka mwaka 2020, na mwaka 2021 pande mbili zikapatana.

Hapo pana jambo la kuzingatiwa. Katika mwaka huo huo wa 2020, katikati ya vikwazo, Huawei ilikubali kuilipa Qualcomm ya Marekani dola bilioni 1.8 ili kumaliza ugomvi wa leseni. Basi wakubwa hawa hutukanana hadharani, lakini mezani hulipana, kwa sababu hakuna hata mmoja wao awezaye kujenga simu bila uvumbuzi wa mwenzake. Mwenye hataza hubadilishana na mwenye hataza. Asiye na kitu cha kubadilishana hulipa tu.

Anayelipa hatimaye ni mnunuzi wa Kamenge. Kampuni ya Transsion ya China, inayotengeneza simu za Tecno, Itel na Infinix, imejipatia soko kubwa Afrika kwa bei nafuu. Mwaka 2024 Qualcomm iliishitaki huko India kwa madai ya hataza. Mrabaha ukipanda, simu nafuu haiwezi kubaki nafuu vile vile.

Je, taifa dogo lifanye nini? Mfano mmoja uko karibu na kila askari wa Burundi. Kampuni ya Lumitel, iliyoanza kazi nchini mwaka 2015, ni tawi la Viettel ya Vietnam, na Viettel ni mali ya Wizara ya Ulinzi ya nchi hiyo. Vietnam ilitoka vitani mwaka 1975 ikiwa maskini mno. Jeshi lake lilianza kwa kununua mitambo ya wengine, likawasomesha mafundi wake, na mwaka 2020 Viettel ikapiga simu ya kizazi cha tano kwa mtambo ilioutengeneza yenyewe. Haikuacha kununua nje, lakini sasa hununua ikijua inachonunua.

Burundi nayo haikufungwa mikono. Hataza iliyotolewa Marekani au China haina nguvu Burundi mpaka itolewe na kwa sheria ya Burundi, na nchi ina sheria yake ya mali ya viwanda ya tarehe 28 Julai 2009. Tena Shirika la Biashara Duniani limezipa nchi zilizo nyuma kimaendeleo, Burundi ikiwamo, muda hadi tarehe 1 Julai 2034 kabla ya kulazimika kutekeleza sehemu kubwa ya mkataba wa mali ya akili. Zaidi ya hayo, kila hataza hutangazwa ikiwa na maelezo na michoro ili yeyote aisome. Fundi wa Burundi anaruhusiwa kujifunza humo, na pale ambapo hataza haikuandikishwa nchini anaweza kuutumia uvumbuzi huo ndani ya nchi bila kumlipa mtu. Mlango huo hautakuwa wazi daima, na hauna faida kwa asiyeingia.

Askari hufundishwa kuifungua silaha yake na kuifunga hata gizani. Simu ya upepo ya doria na mtambo wa kambini vyastahili ujuzi huo huo. Anayepewa kazi ya kununua mitambo ya jeshi au ya polisi hana budi kuuliza kabla ya kutia sahihi: leseni ni ya nani, programu itafanywa upya na nani, na siku wakubwa wakigombana, vipuri vitatoka wapi? Ni busara pia kutotegemea mlango mmoja, maana yaliyoipata ZTE mwaka 2018 yanaweza kumpata kila mteja wa muuzaji mmoja.

Wahenga walisema, mtegemea cha nduguye hufa maskini. Katika mambo ya mawasiliano, mwenye kutegemea cha mwenziwe bila kukijua aweza pia kunyamazishwa siku ambayo sauti yake inahitajiwa mno.