Bunduki ya Nyumbani na Msimu wa Korosho: Mada kwa Viongozi wa Vijiji na Vyama vya Msingi, Masasi na Newala



Kila minada ya korosho inapofunguliwa mwezi Oktoba, swali hili hurudi vijijini: mwenye fedha ndani awe na bunduki au asiwe nayo? Wanaoitaka wana hoja nzito. Kituo cha polisi kiko mbali, barabara ni ya mchanga, na anayevunja mlango saa nane usiku hangoji gari litoke Masasi mjini au Newala. Wakala wa fedha za simu, mwenye duka, mjane aliyelipwa juzi: hofu yao ni ya kweli na haistahili kubezwa. Hata hivyo naamini kwamba bunduki itawaongezea hatari.

Tuitazame silaha yenyewe. Iliyozoeleka huku kwetu ni gobore, la kufukuzia nguruwe pori shambani. Baruti humiminwa mtutuni, kitambaa kikafuata, mdeki ukashindilia. Halafu goroli au vipande vya chuma, kitambaa kingine, mdeki tena, na mwisho fataki. Hiyo ni kazi ya mchana, mikono ikiwa imetulia. Gizani, watoto wanalia na mlango unapigwa jiwe la fatuma, haifanyiki. Kwa hiyo anayetaka gobore limfae usiku hulilaza limeshindiliwa tayari, chini ya kitanda ambacho mchana watoto hucheza uvunguni mwake. Tena vyuma vile hutawanyika, na nyumba zetu nyingi ni za miti na udongo. Baba akilenga mlango, kipande kimoja chaweza kutoboa ukuta na kuingia chumba cha mabinti.

Na aliye mlangoni ni nani? Usiku wa kijijini una watu wengi wasio wezi: kijana aliyechelewa ngomani, jirani aliyekuja kuomba msaada wa mgonjwa, mlevi aliyekosea nyumba. Mwanariadha Oscar Pistorius wa Afrika Kusini alikuwa na bastola ya leseni, nyumba ya kisasa na walinzi mtaani. Usiku wa Februari 14, 2013 alipiga risasi kupitia mlango wa choo, akieleza baadaye kwamba alidhani kuna mvamizi. Aliyekuwa ndani ni mpenzi wake, Reeva Steenkamp. Maelezo hayo hayakumwokoa: mwaka 2015 Mahakama ya Rufani ilimtia hatiani kwa mauaji.

Wapo wanaosema sheria inamlinda mwenye nyumba. Ni kweli, lakini kwa masharti. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kuanzia kifungu cha 18 hadi 18C, inakupa haki ya kujitetea, kumtetea mwenzako na kulinda mali. Hapohapo inasema nguvu utakayotumia iwe ya kadiri inayohitajika, na ukizidisha utawajibika kwa jinai. Mwizi anayekukabili na panga ni jambo moja. Mwizi anayeruka uzio na gunia lako begani, mgongo amekupa, ni jambo jingine kabisa mbele ya hakimu.

Mkulima Tony Martin wa Norfolk, Uingereza, angefahamika vizuri Kitangari au Lukuledi. Aliishi peke yake mbali na watu, alilalamika kuibiwa mara kwa mara, akaona polisi hawamsaidii. Agosti 1999 waliingia wezi wawili usiku, akawafyatulia shotigani aliyokuwa nayo bila leseni. Mmoja, kijana wa miaka 16, alikufa kwa risasi ya mgongoni. Martin alihukumiwa kwa mauaji, na mwaka 2001 rufaa ikapunguza kosa kuwa la kuua bila kukusudia. Alitoka gerezani 2003. Waingereza wengi walimwonea huruma, nami namwonea, lakini kijana yule alikufa na shamba likabaki bila mwenyewe kwa miaka.

Bunduki nayo inaibika. Julai 2015 majambazi walivamia kituo cha polisi cha Stakishari, Dar es Salaam, wakaua askari na kupora silaha. Ikiwa kituo chenye askari kilivamiwa kwa ajili ya bunduki, nyumba ambayo kijiji kizima kinajua ina bunduki italindwa na nini mwenyewe akiwa shambani?

Swali ninalotaka mlibebe ni kwa nini fedha inalala nyumbani. Tangu mfumo wa stakabadhi ghalani uanze Mtwara msimu wa 2007/08, korosho hupelekwa ghala la chama cha msingi, huuzwa mnadani, na malipo hupitia benki. Mkulima aliyefuata njia hiyo hana cha kumvutia jambazi chumbani. Mwenye hatari ni aliyeuza kwa kangomba, yaani kwa walanguzi nje ya chama, kwa fedha taslimu, usiku, kwa bei ya kuumiza, na mara nyingi kwa sababu malipo ya chama yalichelewa. Viongozi wa vyama vya msingi, hapo nawaangalia ninyi. Kila wiki ya kuchelewesha malipo inawasukuma watu kwa kangomba, na huko ndiko fedha inakoanza kulala chini ya godoro.

Kwa usiku wenyewe, tuna ulinzi shirikishi, mgambo na sungusungu. Zamu za usiku zipangwe kwa majina kuanzia Oktoba, kila nyumba iwe na filimbi, na namba ya mkuu wa kituo ibandikwe ofisi ya kijiji. Lakini yowe likiitikiwa, mwizi akamatwe akiwa hai. Masasi ya Januari 2013, nyumba za viongozi zilipochomwa moto, ilituonyesha kundi lenye hasira linafika wapi.

Mwenye leseni chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015 aitunze silaha tupu, ndani ya kabati lenye kufuli, risasi mbali nayo. Magobore yasiyo na leseni yasalimishwe. Miaka ya karibuni Serikali imekuwa ikitoa msamaha Septemba na Oktoba kwa wanaosalimisha kwa hiari, miezi ileile wakulima wanapokusanyika kwenye vyama vyao. Tangazo la msamaha linapotoka, naomba lisomwe kwenye mikutano hiyo kabla ya mnada wa kwanza, na mtendaji wa kijiji awepo kuwaeleza watu wapeleke wapi.