Usipoziba Ufa: Jiwe, Zege na Mbao katika Nyumba za Kwale

Maandishi ya mazungumzo kwa wakaazi kuhusu kujitengenezea nyumba



Katika Kaunti ya Kwale, mwenye nyumba kuitengeneza nyumba yake kwa mkono wake si jambo geni. Kukandika ukuta wa udongo, kushona makuti, kuezeka paa kwa msaada wa majirani: familia nyingi za Kinango, Matuga, Msambweni na Lunga Lunga zimefanya kazi hizo tangu zamani bila kumngoja mtu. Kilichobadilika ni vifaa. Leo nyumba ya udongo inaongezewa chumba cha mawe, makuti yanapisha mabati, na sakafu iliyokuwa ya udongo inamwagwa zege. Vifaa vipya vimefika haraka kuliko ujuzi wa kuvitumia. Hapo ndipo akiba ya familia inapopotea, na wakati mwingine maisha ya watu.

Mazungumzo haya hayamkatazi mtu kushika mwiko au msumeno. Yanaeleza jinsi jiwe, zege na mbao vinavyofanya kazi katika hewa ya chumvi ya Pwani ya Kusini, na ni wapi mwenye nyumba anapaswa kuweka chombo chini na kumwita mtaalamu.

Kuusoma ufa

Kila mtu anaijua methali ya ufa na ukuta. Lakini si kila ufa ni sawa. Nyufa nyembamba kama uzi zinazotapakaa juu ya plasta mara nyingi ni za plasta yenyewe, iliyokauka haraka mno kwa jua. Hizo huzibwa na kazi ikaisha. Ufa unaoanzia kwenye pembe ya dirisha au mlango na kupanda kwa mshazari, unaopita kwenye jiwe lenyewe, au ambao upande mmoja umejitokeza kuliko wa pili, unasema kwamba msingi unashuka au linta imechoka.

Njia ya kupima haigharimu kitu. Mwenye nyumba apige mstari wa penseli mahali ufa unapoishia, pande zote mbili, na aandike tarehe. Baada ya wiki kadhaa, hasa mvua ikishanyesha, atazame tena. Ufa uliotulia unaweza kuzibwa. Ufa uliovuka penseli haufai kupakwa plasta, kwa sababu plasta itauficha tu huku ukuta ukiendelea kwenda. Huo ni wa kumwonyesha mhandisi.

Jiwe

Kutoka Tiwi na Diani hadi Msambweni na Shimoni, ukanda wa pwani umekaa juu ya mwamba uliokuwa matumbawe zamani za kale. Ndilo jiwe linalokatwa machimboni na kujengewa nyumba. Ni jepesi, hukatika kwa urahisi likiwa bichi, na huzidi kuwa gumu likikaa hewani. Lakini lina vitundu vingi, na kwa vitundu hivyo hunyonya maji na chumvi kutoka ardhini.

Wajenzi wa kale walilielewa jiwe hili. Msikiti wa Kongo pale Diani, karibu na Mto Mwachema unapoingia baharini, ulijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa karne nyingi zilizopita, na hadi leo watu wanaswali humo. Chokaa ni laini kuliko simiti. Inaruhusu ukuta kupumua: unyevu ulioingia hupata njia ya kutoka.

Kosa linalorudiwa sana ni kuchukua nyumba ya zamani ya mawe na chokaa na kuipaka simiti nene ili ipendeze. Kwa mwaka mmoja au miwili itapendeza. Kisha unyevu ulionaswa nyuma ya simiti hutafuta njia, chumvi huganda chini ya plasta, na plasta hubanduka vipande vipande ikivuta na uso wa jiwe. Mwenye nyumba akidhani simiti ilikuwa kidogo, huongeza nyingine, na ukuta huzidi kuumwa.

Ukuta wa namna hiyo hutibiwa kwa dawa yake. Kwanza chanzo cha unyevu kitafutwe: mfereji wa paa uliotoboka, au udongo uliorundikana ukutani nje. Plasta iliyokufa ing'olewe, ukuta usuguliwe kwa brashi ngumu na uachwe ukauke. Kisha upakwe chokaa ya ujenzi, kipimo 1 cha chokaa kwa vipimo 3 vya mchanga safi, kwa tabaka nyembamba, kila tabaka ikipewa siku kadhaa kabla ya inayofuata na kukingwa na jua kali. Kwa ukuta mpya wa mawe ya kukata, mchanganyiko unaofaa plasta ni kipimo 1 cha simiti, 1 cha chokaa na 6 vya mchanga.

Chokaa huunguza macho na ngozi. Anayeishika avae glavu na miwani, na watoto wawekwe mbali. Ikiingia jichoni, jicho lioshwe mara moja kwa maji safi mengi na mtu apelekwe hospitali.

Jiwe la kujengea litoke kwenye chimbo halali. Matumbawe yaliyo hai baharini hayaguswi. Ndiyo makao ya samaki na ndiyo yanayovunja mawimbi kabla hayajafika ufuoni.

Zege

Zege ndilo linalowaangusha wengi, kwa sababu zege baya na zege zuri hufanana siku ya kumwaga. Tofauti huonekana baadaye.

Kwa sakafu na kazi za kawaida za nyumbani, kipimo kinachojulikana ni 1 cha simiti, 2 vya mchanga na 4 vya kokoto. Kwa mfuko mmoja wa kilo 50, hiyo ni karibu wilbaro moja ya mchanga na wilbaro mbili za kokoto. Maji ni kama mtungi mmoja na robo wa lita 20, na yapunguzwe mchanga ukiwa umelowa. Fundi akiongeza maji ili zege liteleze vizuri, kazi huwa rahisi siku hiyo, lakini nguvu hupungua kwa miaka yote itakayofuata.

Mchanga wa ufuoni usitumike. Una chumvi, na chumvi huamsha kutu kwenye nondo. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, hivyo huvimba ndani ya zege na kulipasua kutoka ndani. Maji ya bahari, na maji ya visima vilivyoingiwa na chumvi karibu na ufuo, yana madhara hayo hayo. Maji yanayofaa kunywa ndiyo yanayofaa zege. Zaidi ya hayo, mchanga unaochotwa ufuoni unaacha pengo ambalo bahari itakuja kulijaza kwa kula ardhi ya mtu.

Kwa sababu ya hewa ya chumvi, nondo zifunikwe kwa zege la sentimita 4 hadi 5 kila upande. Nondo isilale juu ya mbao wala juu ya udongo. Iinuliwe kwa vipande vidogo vya zege vilivyotengenezwa mapema kwa unene huo.

Zege likishamwagwa kazi haijaisha. Linahitaji kunyweshwa maji kwa siku zisizopungua 7, likiwa limefunikwa kwa magunia yaliyolowa au karatasi ya plastiki. Zege hupimwa nguvu yake likiwa na siku 28, na nguzo za kushikilia linta au slabu zinazoondolewa kwa haraka zimeshasababisha maafa mengi. Kwa jua la Januari huku pwani, zege lisilonyweshwa linaweza kupasuka kabla ya jioni.

Pale nondo imeshajitokeza na kuwa nyekundu, zege lililolegea libanduliwe, kutu isuguliwe hadi chuma king'ae, paoshwe kwa maji yasiyo na chumvi, kisha pazibwe. Ikionekana nondo imeliwa na kuwa nyembamba, hiyo si kazi ya mwenye nyumba tena.

Mbao

Upana wa vyumba katika nyumba za kale za mawe za Waswahili ulifuata urefu wa boriti za mikoko, mita 2.5 hadi 3 hivi. Kila mwenye nyumba ya zamani atafika siku ya kubadilisha boriti, na hapo lazima aulize swali: boriti mpya itoke wapi?

Msitu wa mikoko ni wa umma, na kukata kunahitaji kibali cha Shirika la Huduma za Misitu Kenya. Kwa Kwale hili si suala la sheria peke yake. Pale Gazi, mradi wa Mikoko Pamoja ulioanza mwaka 2013 unawapatia wakaazi wa Gazi na Makongeni mapato kutokana na hewa ya ukaa inayohifadhiwa na mikoko, na pesa hizo zimesaidia maji na shule. Vanga, Jimbo na Kiwegu wana mradi wa aina hiyo. Anayekata mkoko usiku ili kuokoa shilingi kadhaa anachukua kutoka kwenye mfereji wa jirani yake. Vivyo hivyo misitu ya kaya, ikiwemo Kaya Kinondo iliyo kati ya Kaya za Wamijikenda zilizoingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2008, si mahali pa kutafutia mbao.

Mbadala upo mashambani. Mivinje inayopandwa na wakulima hutoa nguzo zilizonyooka. Mnazi uliozeeka na kuacha kuzaa hutoa mbao ngumu sehemu ya chini na ya nje ya shina. Sehemu ya ndani ni laini na haifai kubeba uzito.

Adui wa mbao ni maji na mchwa. Wengi hupaka nguzo oili chafu ya gari kisha huifukia ardhini. Oili hiyo huchafua udongo na yaweza kufika kisimani, na nguzo huoza vivyo hivyo. Njia bora ni nguzo isiguse ardhi kabisa: isimamishwe juu ya kitako cha zege na kushikwa kwa bamba la chuma. Kwa nyumba ya udongo na fito, msingi wa mawe wenye kimo cha sentimita 30 na paa lenye upenu mpana huulinda ukuta kuliko kukandika upya kila mwaka. Karibu na bahari, misumari na waya viwe vilivyopakwa zinki, na kenchi zifungwe imara ukutani kabla ya kusi kuanza.

Mahali pa kuweka nyundo chini

Kupaka rangi, kuziba plasta, kubadilisha mlango, kurekebisha sakafu, kubadilisha bati lililotoboka: kwa kawaida hizo ni kazi za mwenye nyumba. Kuondoa ukuta ili sebule iwe kubwa, kupanua dirisha, kuongeza orofa, au kugusa nyaya za umeme si kazi zake. Ukuta wa ndani unaoonekana bure huenda ndio uliobeba paa zima.

Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019 inamtaka anayejenga apate idhini ya serikali ya kaunti kabla ya kuanza. Wapo wanaoikwepa idhini kwa kuhofia gharama na kungoja, na wapo wanaosema nyumba ni yangu, kiwanja ni changu. Ni kweli nyumba ni ya mwenyewe. Lakini ukuta ukianguka hauchagui. Aprili 2016, jengo la ghorofa lilianguka Huruma, Nairobi, usiku wa mvua kubwa, na zaidi ya watu 50 walifariki. Wengi wao walikuwa wapangaji, wasiokuwa na neno katika jinsi lilivyojengwa.

Anayeshuku kama kazi yake inahitaji idhini aulize kwa msimamizi wa wadi yake kabla ya kununua mfuko wa kwanza. Na anayetafuta fundi amwombe amwonyeshe kazi aliyoifanya miaka 3 au 4 iliyopita, wala si ile ya mwezi jana. Kazi ya mwezi jana bado haijaonja chumvi.

Mvua kubwa za pwani hufikia kilele mwezi wa Mei. Miezi ya kaskazi, Januari hadi Machi, ndiyo ya kupanda paa, kuzibua mifereji na kukausha kuta. Kazi ya kwanza haihitaji pesa: kuizunguka nyumba mara moja, kwa penseli mkononi.