Makuta ya vita ya siku sita: tunataka kuona majina



Wengi wetu tulioko hapa tarehe 5 Juni 2000 hatukuwa tumezaliwa. Vita ya siku sita tumeisikia kwa wazazi: majeshi ya Rwanda na Uganda yakapigana katikati ya mji ambao si wao, mpaka tarehe 10. Mabomu zaidi ya 6,600 yalituangukia. Mamia ya watu wakafa, mamia ya nyumba zikabomoka, hata katedrali ya Notre-Dame haikupona. Tarehe 16 Juni Baraza la Usalama la ONU, katika azimio 1304, likasema nchi hizo mbili zilipe. Rwanda mpaka leo haijalipa kitu.

Uganda ilishitakiwa La Haye. Congo iliomba zaidi ya dola miliari 11. Tarehe 9 Februari 2022 Korti ikakata milioni 325: 225 kwa ajili ya watu, 40 kwa mali, 60 kwa utajiri wa ardhi na pori. Ilipwe mara tano, milioni 65 kila Septemba, kuanzia 2022 hadi 2026. Ndiyo makuta ambayo FRIVAO, mfuko wa Leta wenye makao hapa Kisangani, unapaswa kugawa. Na si ya Boyoma peke yake, wandugu wa Ituri nao wamo. Mtu asitugombanishe nao.

Sasa tuangalie mji wetu. Umelala. Sotexki, ile iliyofuma vitambaa vya nchi nzima, wazazi wanaitaja kama mtu aliyefariki. Kijana ako na diploma ya L2, anapedali toleka toka asubuhi, jioni anarudi na franga ya unga tu. Katika mji kama huu, fidia ni mtaji. Mama akilipwa, anafufua meza yake sokoni, anamulipa muuza samaki, muuza samaki analipa shule ya watoto. Makuta inatembea. Lakini kama inabaki kwenye konti ya benki kule Kinshasa, hapa hakuna kinachotembea.

Na tuliona ilitembea kwenda wapi. Tarehe 2 Septemba 2025 Korti ya Kasasio ilimuhukumu aliyekuwa waziri wa sheria, Constant Mutamba, miaka 3 ya kazi za nguvu, kwa kutorosha zaidi ya dola milioni 19 zilizotoka kwenye fidia hiyo. Yeye alikana. Zilikuwa za kujenga gereza hapa Kisangani. Gereza! Tuache hukumu pembeni kidogo, tuulize swali lingine: nani alimuuliza mama aliyepoteza mguu kama anataka gereza?

Juzi tulikaa na mama mmoja wa Mangobo. Iko na karatasi yake, ameikunja ndani ya nailoni miaka na miaka. Kila akienda kuuliza, anaambiwa arudi wiki ijayo. Hajui kama jina lake liko kwenye listi, na hakuna ukuta wowote ambapo anaweza kulisoma. Hapo ndipo shida yote iko. Listi ikifichwa, majina ya watu ambao hawajawahi kusikia bomu yanaingia usiku, na ya wajane yanatoka.

Kwa hiyo tunaomba listi ibandikwe kwenye kila komini na kila kartie, pamoja na kiasi alicholipwa kila mtu, ili jirani amukubali au amukatae jirani. Konti ya FRIVAO isomwe hadharani kila baada ya miezi mitatu, hapa Kisangani, mbele ya wahanga.

Na kazi za pamoja, shule, hospitali, barabara, zijengwe na mikono ya hapa. Marekani, wakati uchumi wake ulipoanguka, serikali ilianzisha mwaka 1933 kambi za kazi za vijana: kupanda miti, kutengeneza njia. Mshahara dola 30 kwa mwezi, 25 hivi zinatumwa nyumbani. Kila mzazi alijua hesabu hiyo. Sisi bado tunaona kampuni inashuka na ndege, na wafanyakazi wake, na mchanga tu ndio wa Boyoma.

Awamu ya mwisho imepangwa Septemba 2026. Kwa hiyo tukutane Jumamosi, saa tatu ya asubuhi, mbele ya buro ya komini ya Tshopo. Tunaenda kwa amani, bila jiwe, bila matusi. Mwenye mzazi mhanga alete kopi ya karatasi yake. Ile ya kweli iachwe nyumbani, msimupe mtu yeyote, hata sisi.