Kompyuta ya Ofisini Ikigoma Kufungua Mtandao

Msikilizaji, simu yako yenye bando inapokea ujumbe wa WhatsApp kama kawaida, lakini kompyuta ya ofisini haifungui ukurasa hata mmoja. Usikimbilie kuzima na kuwasha. Soma kwanza maandishi yaliyo kwenye kioo. Watu wengi huyafunga hata kabla ya kuyatazama.

Ukiona namba 407, umeifikia seva ya proksi, yaani kompyuta inayopitisha mawasiliano ya ofisi kwenda mtandaoni, ila haijakutambua: inadai jina na nywila. Mara nyingi nywila ya ofisi imebadilishwa, na kivinjari bado kinatuma ile ya zamani. Ukiambiwa proksi haijibu, kagua anwani yake na namba ya mlango (port). Namba 8080 na 3128 hutumika sana, lakini muulize fundi wenu, usibahatishe.

Jaribu pia kivinjari kingine. Kwa kawaida Chrome hufuata mipangilio ya proksi ya kompyuta; Firefox inaweza kuwa na yake yenyewe. Kimoja kikifungua na kingine kikagoma, umeshajua pa kutafuta.

Na ninyi mnaorudi na laptopu nyumbani, msilaumu bando bure. Proksi ya ofisi kwa kawaida haifikiki ukiwa sebuleni. Zima mpangilio wa proksi, Jumatatu uuwashe tena.