Pikapu ya Kikundi na Trela ya Kubebea Magari

(Mazungumzo yetu na vikundi vya kujisaidia vyenye gari)



Kuna jambo ambalo vikundi kadhaa vimetuuliza. Kikundi kimeweka akiba miaka mingi, kikanunua pikapu ya kubebea mahindi na mbolea, na sasa watu wa sokoni wanataka ikokote trela ya kupeleka magari yaliyoharibika kwa fundi. Kazi ipo, na malipo yanapendeza kuliko ya magunia. Lakini pikapu hiyo ni jasho la watu thelathini, na dereva naye ni mtoto wa mtu. Basi tuzungumze kabla hamjachomelea chuma chochote.

Watu huuliza, "Injini itavuta?" Kwenye tambarare itavuta. Sisi tunauliza, je, itasimama? Tuchukue Probox. Ikiwa tupu ina kama kilo 1,050. Trela ya chuma yenye ekseli mbili yaweza kuwa na kilo 700. Jumla ni kilo 1,750. Sasa fungueni kitabu cha pikapu yenu. Mtaona viwango viwili: cha trela yenye breki, na cha trela isiyo na breki. Kwa pikapu nyingi hicho cha pili ni kilo 750 tu. Kumbe ile trela ya bei nafuu isiyo na breki, ukiipakia Probox, imepita kiwango zaidi ya mara mbili! Fundi akikwambia chuma ni kigumu, anasema kweli, lakini ugumu wa chuma hausimamishi gari.

Breki za trela za kawaida si jambo la ajabu. Pikapu ikipunguza mwendo, trela huisukuma kutoka nyuma, na msukumo huo hubana chuma cha mbele cha trela ambacho huvuta breki za magurudumu yake. Kama pesa hazitoshi kununua trela yenye breki, maoni yetu ni kwamba mngojee. Endeleeni na magunia.

Jambo la pili ni pale gari linapokaa juu ya trela, na hapa ndipo wengi hawaangalii. Uzito ukiwa nyuma sana, trela huanza kuyumba kama mkia wa ng'ombe, na mkia huo unaweza kuitupa pikapu mtaroni. Ukiwa mbele sana, pikapu inakaa chini nyuma na usukani unakuwa mwepesi. Kiasi kizuri ni sehemu ya kumi ya uzito wote, au kuzidi kidogo, ikandamize pale trela inaposhikana na pikapu. Kwa mfano wetu ni kama kilo 175. Lakini angalieni kwanza kama kitabu kinaruhusu kiasi hicho, na pia kile chuma cha kukokotea.

Mtapimaje? Mizani ya magunia mnayo. Egesheni mahali tambarare, tegeeni magurudumu ya trela mawe, kisha wekeni gogo juu ya mizani na mdomo wa trela juu ya gogo, usawa uleule wa kwenye pikapu. Someni, halafu mtoe uzito wa gogo. Gari likihitaji kusogezwa mbele au nyuma, lisogezeni, kisha mpake alama ya rangi kwenye sakafu ya trela. Na hizo kilo 175 ni mzigo wa pikapu. Msiongeze magunia nyuma kana kwamba hazipo.

Gari lifungwe kwa mikanda minne ya kukaza, kwenye magurudumu. Ukifunga bodi peke yake, springi zitacheza njiani na mikanda italegea. Simameni baada ya kilomita chache mkaze tena, na mguse vikombe vya magurudumu ya trela. Kikiwa moto kupita vingine, beringi inalia girisi au breki imeshika.

Upande wa pikapu, safisheni rejeta, angalieni mkanda wa feni, na tairi za nyuma zijazwe upepo wa mzigo kamili. Taa za breki na indiketa za trela zifanye kazi, na minyororo miwili ipite chini kwa kupishana. Mkumbuke pia kwamba injini isiyo na tabo hupoteza kama sehemu ya kumi ya nguvu kila mita 1,000 za mwinuko. Ile ya Mombasa si ileile ukifika Limuru. Na kuteremka Mai Mahiu, dereva aingize gia ndogo akiwa bado juu. Akingoja breki zinuke, amechelewa. Trela ikianza kuyumba, aachie mafuta polepole, usukani aushike wima, asikanyage breki kwa ghafla.

Trela husajiliwa na NTSA kwa namba yake yenyewe inayoanza na Z. Muulize kama leseni ya dereva inaruhusu trela, na kampuni ya bima iandike kwa barua kwamba kukokota kwa malipo kumekubaliwa. Neno la mdomo halitoshi.

Maswali ya hesabu ya mafuta tutayachukua baada ya chai. Sasa tutoke nje. Trela iko chini ya mwembe, na akina mama wa mahindi wametuazima mizani.