Batoto wetu na kazi ya sauti
Maneno yaliyosemwa mu mkutano wa wanachama, Golf



Mzee mmoja ametuuliza: tunalipa makuta ya masomo ili mtoto apate diploma, sasa munataka kumufundisha muziki? Ulizo lake ni la kweli. Lakini hatusemi juu ya kucheza. Tunasema juu ya kazi ya yule anayekaa nyuma ya mashini, yule mwenye watu hawamuoni mpaka mikro ilie piii mu kanisa, njo wote wanageuka kumuangalia.

Tuanze hapa kwetu. Mu 1952 Hugh Tracey, Mwingereza aliyefanya kazi Afrika ya Kusini, alimurekodi Jean Bosco Mwenda kule Jadotville, ni kusema Likasi ya leo. Wimbo wake Masanga ulitoka kwa sahani za Gallotone, za Johannesburg, na mpaka leo wapiga gitare wa Ulaya na Marekani wanaujifunza. Vidole vilikuwa vyetu, sauti yetu. Mashini haikuwa yetu, na mwenye kuitumikisha hakuwa mtoto wa hapa. Mwenda alikufa mu 1990 kwa aksida ya motokari mu Zambia, inchi ile ile iliyotupokea siye.

Wengi wetu tulirudi kutoka Mantapala kupitia Pweto, tangu mwisho wa 2021. Wengine walitangulia, kutoka Kala na Mwange. Batoto walisoma kule kwa Kingereza. Hapa mwalimu anafundisha kwa Kifaransa. Mtoto aliyekuwa wa kwanza kule, hapa anakaa nyuma, ananyamaza, mwaka unapita, kisha anaacha masomo. Tumeona wengi hivyo. Lakini mbele ya mashini ya sauti ule mtoto haogope: maandiko ya vifungo mingi ni Kingereza, na yeye njo anaelezea wenzake.

Watajifunza nini? Wale wa seksio ya umeme wamekwisha kuanza: kuunga waya, kupima. Watajifunza juu ya nini mikro inalia: sauti ya bafle inarudi mu mikro, inazunguka, inakua. Dawa si kuipiga mikro kofi. Ni kuiweka nyuma ya bafle. Watajifunza kutundika blanketi na bikwembe mu chumba cha kurekodi, kwa sababu ukuta mutupu unarudisha sauti. Na masikio: desibeli 85 ni saa 8 kwa siku, ukipanda 88, ni saa 4 tu. (Juu ya kanisa zetu tunyamaze.)

Tena kuko karatasi. Wimbo una haki ya aliyeutunga, na rekodi ina haki yake ingine. Sheria ya Kongo ya tarehe 5 Aprili 1986 inamulinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 kisha kufa kwake. Lakini kama hawakuandika nani alitunga, nani alipiga, kila mtu anapata ngapi, watakuja kugombana siku makuta inaingia. Kalamu haina bei kubwa.

Kule Kenya, tangu Januari 2026, wanafunzi wa darasa la 10 wanafuata moja ya njia tatu, na moja ni ya sanaa na michezo, muziki iko ndani. Siye hatuna nguvu ya kubadilisha programu ya masomo. Tunaomba siku ya posho tu, kisha saa sita. Mwenye amekosa masomo mu juma bila sababu, haingie. Mabinti waandikwe sawa na vijana, na wakamate mashini, si kuimba tu.

Makuta ya minerval hatutaigusa. Chumba kiko, mikro mbili ziko, na kompyuta moja yenye batri nzuri, maana umeme wa hapa munaujua. Kunakosa meza ya kuchanganya sauti, kaske za masikio, na waya. Mwenye waya za zamani nyumbani azilete, hata zilizokatika: batoto wataanza kujifunza na hizo.