Arobaini ya Mpiga Gitaa

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya mkutano wa wanafunzi wa zamani, Kibiti)



Nilipopata barua ya kuniomba niseme machache mbele yenu, niliachiwa nichague jambo mwenyewe. Nadhani Mwenyekiti alitarajia kwamba mtumishi wa serikali atasema juu ya utumishi, bidii na nidhamu. Hayo mmekwisha kuyasikia tangu asubuhi, tena kwa wasemaji wanaonizidi. Mimi naomba ruhusa nizungumze juu ya kifo cha mpiga gitaa mmoja, juu ya watu waliomlilia, na juu ya kosa nililolitenda mimi mwenyewe nikiwa kijana wa kidato cha pili katika shule hii.

Mpiga gitaa huyo ni marehemu Mbaraka Mwinshehe Mwaruka. Wazee waliopo hapa hawahitaji kuelezwa, lakini kwa faida ya vijana nitasema kwa ufupi. Alizaliwa Morogoro tarehe 27 Juni 1944. Katika miaka ya 1960 aliingia bendi ya Morogoro Jazz, wakati mji ule mmoja ulikuwa na bendi mbili zilizotikisa nchi nzima, yaani hiyo na Cuban Marimba ya Salum Abdallah. Mwaka 1970 Morogoro Jazz ilisafiri hadi Osaka, Japani, kupiga muziki kwenye maonyesho makubwa ya dunia. Mwaka 1973 Mbaraka alijitenga, akaunda bendi yake ya Super Volcano, yenye mtindo ulioitwa Masika. Alikuwa mtunzi, mwimbaji na mpiga gitaa la solo, yote matatu katika mtu mmoja.

Vijana wa leo huenda mkauliza, gitaa la solo ni kitu gani hata mtu alililie? Katika muziki wa dansi wa siku zile, wimbo ulianza kwa utulivu. Waimbaji walieleza kisa chao, ridhimu na besi zikiwasindikiza kama wapagazi wanaofuata njia. Kisha waimbaji wakinyamaza, solo lilishika usukani, na kile kilichoshindikana kusemwa kwa maneno kikasemwa kwa vidole. Mbaraka hakupiga kwa fujo. Alipiga kama mtu anayezungumza na mwenzake barazani, akirudia jambo lile lile mara ya pili kwa namna nyingine kidogo ili lieleweke. Kwa sababu hiyo hata mtu ambaye hakupata kuingia katika ukumbi wa dansi maishani mwake alimfahamu kwa njia ya redio na santuri.

Tarehe 12 Januari 1979 Mbaraka alifariki dunia kutokana na ajali ya gari huko Mombasa. Alikuwa na umri wa miaka 34. Salum Abdallah naye alikuwa amefariki kwa ajali ya gari, mwaka 1965. Morogoro ikawa imetoa kafara mbili kwa barabara.

Ndugu zangu, kumbukeni hali ya nchi wakati huo. Tulikuwa katika vita na majeshi ya Idi Amin, vilivyoanza kwa uvamizi wa Kagera mwaka 1978. Mpaka wetu na Kenya ulikuwa umefungwa tangu 1977, na haukufunguliwa mpaka 1983. Nyimbo za Mbaraka, hasa ule uitwao “Shida”, zilipendwa pande zote mbili za mpaka, kana kwamba hazikupata habari kuwa umefungwa. Kwa hiyo kifo kile kililiwa na watu wa nchi mbili ambazo hazikuwa zikitembeleana.

Sasa naomba niwapeleke kwetu Delta. Mimi nilikuwa sijazaliwa. Haya nimeyapokea kwa mama. Mjomba wangu, kaka yake mama, alikuwa na mashua iliyobeba nazi, mpunga na abiria mpaka Nyamisati. Alikuwa pia na gitaa alilolinunua Dar es Salaam kwa mtu aliyekuwa amelichoka. Alijifunza peke yake, sikio moja kwenye redio na jingine kwenye nyuzi, na katika harusi za vijiji vya visiwani yeye ndiye aliyekuwa Morogoro Jazz nzima, akisaidiwa na kijana mmoja mwenye ngoma na mwingine mwenye debe.

Habari ya kifo ilimkuta barazani, penye kahawa. Mama anasema mjomba aliweka kikombe chini, akaenda nyumbani, akalitundika gitaa ukutani huku uso wake ukielekea ukuta, na akatangaza kwamba hataligusa mpaka arobaini itimie. Harusi mbili zikakosa muziki.

Watu hawakumwelewa. Mmoja alimwambia waziwazi: “Vijana wetu wako Kagera, wengine hatujui kama watarudi. Wewe unamlilia mpiga dansi ambaye hata salamu hamkupata kupeana?” Lilikuwa swali la haki, nami sitaki tulipuuze. Mjomba alijibu: “Hao vijana taifa zima linawaombea, na mimi nimo. Huyu naye amenifundisha kazi miaka kumi bila kunidai hata senti. Mwalimu wangu akifa nisikae matanga?”

Nimelifikiria jibu hilo kwa miaka mingi. Tunadhani anayemlilia mtu mashuhuri analilia sifa au umaarufu. La hasha. Aghalabu analilia fadhila aliyopewa na mtu ambaye hakupata nafasi ya kumshukuru. Na jambo hilo si letu peke yetu. Jimi Hendrix, Mmarekani mweusi aliyefariki London mwaka 1970 akiwa na miaka 27, analiliwa mpaka leo na watu waliozaliwa baada yake. Stevie Ray Vaughan, mpiga blues wa Texas, alikufa kwa ajali ya helikopta mwaka 1990, wiki chache kabla ya kutimiza miaka 36, na watu wa mji wa Austin wakamsimamishia sanamu. Alipofariki Franco Luambo Makiadi mwaka 1989, Zaire iliomboleza kitaifa siku nne. Mbaraka mwenyewe aliijua kazi ya kuomboleza: alitunga wimbo kwa ajili ya Dk. Kleruu, Mkuu wa Mkoa wa Iringa aliyeuawa Desemba 1971. Aliyewalilia wengine kwa gitaa, naye hakuwa na budi kuliliwa kwa gitaa.

Basi arobaini ilipotimia, mjomba aliligeuza gitaa, akakaza nyuzi, akaketi mbele ya nyumba jioni, akapiga wimbo wake mwenyewe usio na maneno. Mama anasema hata yule aliyemuuliza swali la Kagera alikuja, akasimama pembeni mpaka mwisho, kisha akaomba upigwe tena kwa ajili ya mtoto wake aliyekuwa vitani. Tangu siku hiyo wimbo uliitwa “Arobaini”, na ulipigwa katika misiba ya pale kwetu, si mmoja wala miwili.

Sasa nakuja kwenye kosa langu.

Mwaka 1996, nikiwa kidato cha pili, mjomba alikuja kunitembelea Jumapili moja. Alitoka Delta kwa mashua, na kutoka Nyamisati akapanda lori. Aliniletea kamba wakavu, embe, na kaseti moja ya dakika 60 iliyofungwa katika kitambaa. Alikuwa ameazima kinasa sauti kwa mtu, akajirekodi akipiga “Arobaini” na nyimbo zake nyingine. Aliniambia: “Mjomba, nyumbani kwetu chumvi na maji vinakula kila kitu. Hapa shuleni kuna makabati. Nitunzie.”

Nilikuwa na wenzangu. Redio za watu binafsi zilikuwa zimeanza, rap ya Kiswahili ilikuwa ndiyo kwanza inashika, nasi tulijiona watu wa kisasa. Mwenzangu mmoja alilitazama shati la mjomba, akalitazama kapu la kamba, akacheka. Mimi nikacheka naye. Nikasema, mzee akiwa bado anasikia: “Huo muziki wa marehemu.” Mjomba hakusema neno. Aliniuliza tu kama nina sabuni, akanipa hela kidogo, akaenda kutafuta lori.

Haukupita mwezi nikaipachika ile kaseti kwenye redio ya bweni, nikarekodi rap juu yake, upande wa kwanza mpaka mwisho na upande wa pili karibu wote. Sikuona kwamba nimefanya jambo. Kaseti tupu zilikuwa ghali, na mimi nilikuwa nayo ya bure.

Mjomba alifariki mwaka 2003. Nilikuwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Nilifika kijijini siku ya pili ya matanga. Baada ya dua, binamu yangu alinivuta kando, akasema: “Gitaa limeliwa na mchwa, lakini hatuna wasiwasi. Baba alisema nyimbo zote ziko kwako, kwa kuwa wewe ndiye mwenye elimu.”

Ndugu Mwenyekiti, nimepata kusimama mbele ya kamati nyingi na kujibu hoja za ukaguzi. Sijapata kukosa jibu kama siku ile.

Niliitafuta kaseti nikaipata katika sanduku langu la shule. Mwisho wa upande wa pili, pale rap yangu ilipokatika, imebaki dakika moja na nusu ya gitaa la mjomba. Vyura wanasikika, mtu anakohoa, na solo linarudia jambo lile lile mara ya pili kwa namna nyingine kidogo. Hicho ndicho kilichosalia cha maombolezo ya kijiji kizima. Binamu zangu nimewaeleza ukweli, nao wamenisamehe. Hata hivyo, msamaha haukuirudisha kaseti.

Baada ya Mbaraka kufariki, kampuni ya santuri ya Nairobi ilitoa mfululizo wa santuri zake kwa jina la “Ukumbusho”. Kwa hiyo yeye tunaye. Sheria ya Hakimiliki tunayo pia tangu mwaka 1999, ili mtunzi na warithi wake wapate haki yao. Lakini sheria hailindi wimbo ambao hakuna aliyeunasa wala aliyeandika jina la mwenyewe. Na kwetu, kama mjomba alivyosema, maji yanakula. Mafuriko ya mwaka 2024 yaliyoikumba Rufiji na Kibiti mliyaona wenyewe. Yalichukua mashamba na nyumba, na kaseti haijui kuogelea.

Nina maombi mawili. La kwanza ni kwa wenzangu tuliosoma hapa: tuchange tuwanunulie vijana hawa kinasa sauti kizuri kikae maktaba. Mimi nimekwisha kumkabidhi Mweka Hazina mchango wangu, na nimeweka pamoja nao nakala ya ile dakika moja na nusu. La pili ni kwenu, wanafunzi. Mkienda likizo, kila mmoja amtafute mzee mmoja kwao anayepiga gitaa, zeze, marimba au ngoma, amnase, na aandike jina lake, kijiji na tarehe. Msingoje mpaka muupende muziki wake. Mimi niliupenda nikiwa nimechelewa miaka saba.

Mbaraka alililiwa na watu wasiomjua, wakamtunza. Mjomba wangu alikuwa na mtu aliyemjua, aliyekula embe zake, na huyo ndiye aliyemfuta. Sitaki katika mkutano wa mwaka kesho mwingine asimame hapa kusema maneno haya.